Mlimani kama ulivyo: tathmini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa anayejiandaa kuripoti

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hakipimiki kwa alama moja. Aliyekaa maktaba mpya tangu saa mbili asubuhi na anayehangaikia kitanda katika hosteli ya Mabibo wako chuo kimoja, lakini wanapata huduma mbili tofauti kabisa. Ndiyo maana sifa za mitaani hazimsaidii sana mwanafunzi: mmoja anasema Mlimani, kama chuo hiki kinavyoitwa, ndicho chuo, mwingine anasema ni mateso, na wote wawili wana hoja. Hapa kila huduma inapimwa peke yake, na msimamo tunautoa mapema. Kwa ualimu, maktaba na ukali wa mitihani, Mlimani inastahili kuwa chaguo la kwanza la mtu anayetaka kusoma kweli. Kwa makazi na kwa kupashwa habari, usiitegemee. Jipange mwenyewe.

Soma kwanza barua ya udahili uone unakwenda kampasi ipi. Jina ni UDSM, ila si kila UDSM iko kilimani. Ndaki ya TEHAMA, CoICT, iko Kijitonyama. Shule Kuu ya Uandishi wa Habari iko Mikocheni. DUCE iko Chang'ombe na MUCE iko Iringa, vyuo vishiriki vya ualimu vilivyoanzishwa 2005. Wanaosomea udaktari wa binadamu chini ya UDSM wako Mbeya, na Taasisi ya Sayansi za Bahari iko Buyu, Zanzibar. Ukilipia chumba cha miezi sita Changanyikeni kabla ya kugundua kuwa vipindi vyako viko Kijitonyama, mwenye nyumba hakurudishii hata senti.

Kampasi kuu yenyewe iko juu ya kilima, kama kilomita 13 kutoka katikati ya jiji, na ni pana. Kutoka jengo moja hadi jingine unaweza kutembea dakika 15 au 20, nyingine za kupanda. Vipindi viwili vilivyofuatana kwenye ratiba vinaweza kuwa pande mbili za kilima, na ratiba haikujali hilo ilipotengenezwa. Viatu vya wazi na vya visigino viache kwa ajili ya mahafali.

Kuingia na kusajiliwa

Kwa aliyetoka kidato cha sita, sifa ya chini ya shahada ni prinsipo mbili zenye jumla ya pointi 4.0, kwa hesabu ya A 5, B 4, C 3, D 2, E 1. Hicho ni kizingiti cha TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, tu. Sheria, uhandisi na sayansi ya kompyuta hujazwa na watu wenye pointi nyingi zaidi, kwa hiyo mwenye pointi za pembeni achanganye machaguo yake: moja la ndoto, mengine ya uhakika.

Waliochaguliwa vyuo zaidi ya kimoja lazima wathibitishe kimoja, na namba ya siri ya kuthibitishia huja kwa ujumbe wa simu. Hapa ndipo nafasi hupotea kirahisi. Wengi huombewa na dada au kaka wa stesheneri, naye akishajaza fomu kumi kwa siku huweka namba yake mwenyewe ili mambo yaende. Ujumbe unafika kwake, wewe uko Kasulu au Newala unasubiri, dirisha linafungwa. Simama nyuma yake, hakikisha namba na barua pepe ni zako, na uondoke na nywila yako imeandikwa kwenye karatasi.

Jambo la pili ni majina. Jina la cheti cha kuzaliwa, la cheti cha kidato cha nne, la NIDA na la akaunti ya benki yanapaswa kuwa moja, herufi kwa herufi. Tofauti ya "Mohamed" na "Mohammed" inatosha kukusimamisha dirishani. Marekebisho hufanywa kwa hati ya kiapo au kwa kurekebisha cheti chenyewe, na yote mawili yana foleni zake, basi yamalize ukiwa bado nyumbani. Anayeomba mkopo anahitaji pia cheti cha kuzaliwa kihakikiwe na RITA, wakala wa serikali wa vizazi na vifo, kazi isiyofanyika kwa siku moja.

Ukifika, kila kitu kinapita kwenye ARIS, mfumo wa chuo wa mtandaoni: usajili, kozi, malipo, chumba, matokeo. Unaingia, unatengeneza namba ya malipo, ile wanayoiita kontroo namba, unalipa kwa benki au simu, kisha unahakiki kwamba malipo yameonekana. Usiishie kwenye risiti ya simu. Ada kwa Mtanzania imekuwa shilingi 1,000,000 kwa mwaka kwa kozi nyingi za sanaa na 1,300,000 kwa nyingi za sayansi, na juu yake kuna 20,000 ya uthibiti ubora ya TCU na michango midogo midogo. Bima ya NHIF ya mwanafunzi imekuwa 50,400 kwa mwaka. Kama tayari unayo ya mzazi, beba kadi halisi, kwa sababu maelezo ya mdomo hayakupunguzii malipo.

Kisha kusajili kozi. Huu ni usajili tofauti na ule wa chuo, na mwaka wa kwanza wengi hawalijui hilo. Mtu anahudhuria wiki sita, anafanya jaribio la kwanza, halafu jina lake halipo kwenye orodha ya mhadhiri kwa sababu kozi hakuiweka kwenye ARIS. Sajili za lazima wiki ya kwanza. Za hiari zichague baada ya kulinganisha ratiba: hakikisha haigongani na ya lazima, na ujue jaribio la pili huangukia wiki gani. Mifumo huelemewa siku za mwisho, kwa hiyo mtu makini huingia ARIS alfajiri au usiku wa manane.

Darasani

Hapa Mlimani inapata alama za juu, na tunazitoa kwa moyo mweupe. Unafundishwa na watu wanaoandika na kutafiti mambo wanayoyafundisha. Ukisoma historia, sheria, jiolojia au Kiswahili, mwenye jina unalolikuta kwenye orodha ya rejea anaweza kuwa anakaa ofisi ya ghorofa ya juu yako, na ukimwendea na swali lililoandaliwa anakupa nusu saa. Wanafunzi wengi humaliza miaka mitatu bila kubisha hodi hata mara moja, na hiyo ndiyo hasara kubwa kuliko zote zilizotajwa humu. Angalia saa za ushauri zilizobandikwa mlangoni, nenda na swali moja lililo wazi, na useme umesoma nini kabla ya kuuliza.

Kasoro ni wingi wa watu. Kozi za pamoja, yaani DS ya taaluma za maendeleo na CL ya stadi za mawasiliano, hukusanya mamia ya wanafunzi kwenye kumbi za Yombo na Nkrumah. Anayefika dakika tano kabla anakaa nyuma au anasimama, na kwa nyuma sauti haifiki vizuri. Fika nusu saa kabla au panga zamu na wenzako ya kutangulia. Wengine huona kozi hizi ni za kupitia tu. Hesabu yake kwenye GPA, yaani wastani wa pointi zako, ni ile ile ya kozi nyingine, na CL ikichukuliwa kwa uzito ndiyo inayomfundisha mtoto wa shule ya kata kuandika insha ya kitaaluma kwa Kiingereza, yenye hoja na marejeo. Kiingereza cha kusoma na kuandika ndicho kikwazo cha kwanza kwa wengi, wala si ugumu wa somo. Anayekiona kikwazo hicho mapema ajiwekee kurasa kumi za kusoma kila siku, na maneno mapya ayaandike kwenye daftari. Wa Taasisi ya Taaluma za Kiswahili wanasomea fani yao kwa Kiswahili, lakini nao wana DS na CL.

Semina ni kitu kingine. Darasa kubwa hugawanywa makundi, kila kundi linapewa swali la kuwasilisha, na alama zake zinaingia kwenye alama 40 za kazi za muhula. Kazi za kundi huharibika kwa namna moja inayojulikana: watu kumi wanagawana swali vipande, kila mmoja anaokota chake mtandaoni usiku wa mwisho, mmoja anaviunganisha, na kazi inasomeka sauti kumi. Dawa ni kukaa pamoja siku ya kwanza na kuandika hoja kuu kwa sentensi moja kabla ya kugawana chochote, kisha mmoja apewe kazi ya kuandika upya yote, wala si kubandika tu. Asiyefanya kazi jina lake lisiandikwe. Hilo likisemwa mwanzoni halileti ugomvi.

Jua uzito wa uniti. Uniti moja ni saa 10 za kazi, na mwaka mzima una uniti 120. Kozi ya uniti 12 inadai saa 120, yaani saa 8 kwa wiki katika muhula wa wiki 15 za kufundishwa. Darasani unakaa tatu au nne. Zilizobaki ni zako, na hakuna atakayekuuliza umezipeleka wapi hadi siku ya mtihani.

Hesabu ya alama

Hili tunalikalia kidogo, maana wengi hulielewa wakiwa mwaka wa tatu, wakati halina tena faida. Alama za muhula ni 40 na mtihani wa mwisho, UE, ni 60. A inaanzia 70 na ina pointi 5. B+ ni 60 hadi 69, pointi 4. B ni 50 hadi 59, pointi 3. C ni 40 hadi 49, pointi 2. Chini ya 40 umefeli kozi hiyo. Kila pointi inazidishwa kwa uniti za kozi, unajumlisha, unagawa kwa jumla ya uniti.

Chukua muhula wenye kozi tano za uniti 12. Umepata A moja, B+ mbili, B moja na C moja: 60 na 48 na 48 na 36 na 24, jumla 216. Gawa kwa 60 upate 3.6, daraja la pili la juu. Sasa tazama ile B. Kama ilikuwa 59, alama moja tu ingeipeleka B+, ikaongeza pointi 12 na kupandisha muhula wote hadi 3.8. Lakini aliyepata 71 na aliyepata 92 wana pointi tano sawasawa. Maana yake kimkakati ni kwamba wiki mbili za mwisho usizimalizie kwenye kozi unayoipenda ambayo A yake tayari ipo mfukoni. Peleka nguvu kwenye ile iliyokwama 56 au 57. Wanafunzi wenye akili sana hukosa daraja la kwanza kwa sababu hii hii.

Madaraja ya jumla: la kwanza ni 4.4 hadi 5.0, la pili la juu 3.5 hadi 4.3, la pili la chini 2.7 hadi 3.4, na la kupita 2.0 hadi 2.6. GPA hukatwa kwenye desimali moja, haipandishwi. Mwenye 3.49 anaandikiwa 3.4. Anayetaka kubaki chuoni kama mkufunzi msaidizi alenge 3.8 na zaidi, ambacho ndicho kiwango kilichowekwa kwa ajira hiyo, na ajue kwamba mwaka wa kwanza unahesabiwa kama mwaka wa mwisho.

Ukifeli kozi unashika sapu, mtihani wa marudio unaofanywa mwisho wa mwaka wa masomo. Ukiufaulu, alama inayoandikwa ni C hata kama umejibu kwa kiwango cha A. Kwa hiyo sapu hukuokoa usikwame, lakini haikuokolei GPA. Ukiufeli unaibeba kozi mwaka unaofuata, keri, na ratiba ya mwaka huo inaanza kugongana na ya nyuma. Anayekwenda chini kuliko kanuni zinavyoruhusu anadisko, anaondoka. Kanuni za mitihani ziko kwenye kitabu cha chuo kinachopatikana bure mtandaoni. Zisome zote kwa jioni moja, mwezi wa kwanza.

Kitu kinachowaumiza hata wanaofaulu ni alama za muhula kupotea. Insha umeikusanya, jaribio umelifanya, kwenye orodha pana mwanya. Sababu ni za kawaida kabisa: namba ya usajili imekosewa tarakimu, umekaa kundi la semina lisilo lako, karatasi imesahauliwa kwa msahihishaji mwingine. Piga picha kila kazi kabla ya kuikusanya, saini orodha ya waliokusanya, tunza karatasi ya jaribio iliyosahihishwa, na alama za muhula zikibandikwa nenda kazitazame siku hiyo hiyo. Kurekebisha kabla ya UE ni mazungumzo ya dakika kumi na mhadhiri. Baada ya matokeo kupitishwa, ni barua, vikao na miezi.

Maktaba, vimbweta na madesa

Maktaba mpya, iliyojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa Novemba 2018, ndiyo huduma bora kuliko zote chuoni. Ina nafasi ya watu 2,100 kwa wakati mmoja na uwezo wa kuhifadhi vitabu 800,000. Kuna utulivu na meza za kutosha miezi mingi ya mwaka. Wiki za UE ni habari nyingine, na anayefika saa nne asubuhi hapati kiti. Begi huachwa mapokezi, basi njoo na daftari, kalamu, kompyuta na chupa ya maji tu.

Wengi huitumia kama chumba cha kukaa na madesa yao wenyewe, yaani nakala za muhtasari wa masomo. Wasichokijua ni kwamba majarida ya kitaaluma yanayolipiwa kwa dola yanafunguka bure kupitia mtandao wa chuo, na kwamba mkusanyo wa Afrika Mashariki una machapisho ya serikali, magazeti ya zamani na tasnifu usizozipata kokote kwingine nchini. Vitu vya mkusanyo huo haviazimwi, unasomea pale pale. Mwaka wa tatu anayeandika utafiti bila kukanyaga sehemu hiyo ameacha hazina nyumbani akaenda kuomba kwa jirani.

Nje kuna vimbweta, yale meza na mabenchi ya zege chini ya miti, na hakuna chuo kinachoweza kukunyang'anya mapenzi ya vimbweta ukishavizoea. Ni pazuri kwa mijadala ya watu wanne au watano. Kwa kusoma peke yako si pazuri: kila anayepita anakusalimu, na jua linahama. Usiku tafuta chenye taa na usikae peke yako.

Madesa yana nafasi yake, nayo si ile inayodhaniwa. Desa la mwaka juzi limenakiliwa na mtu aliyekuwa na haraka, likanakiliwa tena, na makosa yake yamekua kila mwaka. Mhadhiri akisahihisha majibu mia yenye mfano ule ule uliokosewa, anajua yametoka wapi. Desa likupe ramani ya mada, kisha nenda kwenye kitabu. Mitihani ya nyuma ina faida zaidi: kusanya ya miaka mitano, panga maswali kwa mada, na utaona mada zipi hazikosekani. Ijibu kwa kuandika, kwa saa, bila daftari.

Makazi

Hapa alama zinashuka. Vitanda vya chuo ni vichache kuliko wanaovihitaji, na hali hiyo haikuisha hata baada ya hosteli za Magufuli kufunguliwa Aprili 2017, majengo 20 yenye nafasi ya wanafunzi 3,840. Zaidi ya hizo kuna Hall za ndani ya kampasi na hosteli ya Mabibo, kilomita chache kutoka kilimani. Maombi hufanywa kwenye ARIS. Kosa linalowapokonya watu vyumba ni dogo: jina limetoka, muda wa kulipia umetajwa, mtu anasubiri bumu, fedha ya kujikimu ya mkopo, ndipo alipe. Bumu halisubiriwi na chumba. Fika chuoni na pesa ya chumba imetengwa, kwa sababu kodi ya chuo ni ndogo sana ukilinganisha na ya mtaani na kuikosa ni hasara ya mwaka mzima.

Uhaba huo ndio uliozaa kubebana, yaani mwenye kitanda kulala na mwenzake asiye na chumba. Kanuni zinakataza, na ukaguzi ukipita wote wawili wanaweza kuathirika. Pia vyoo na maji vilivyopangwa kwa watu wanne vinatumiwa na wanane. Tunaelewa kwa nini watu wanabebana, na tunaona aibu ni ya uhaba, si ya wanafunzi. Hata hivyo mwenye kitanda asione vibaya kukataa wakati wa UE. Maji hukatika mara kwa mara, basi ndoo mbili zenye mifuniko za lita 20 ni kifaa cha masomo kama ilivyo kalamu.

Mabibo ina shida yake: iko upande wa pili wa Barabara ya Morogoro, na asubuhi unategemea daladala. Barabara za juu za Ubungo, Daraja la Kijazi, zilizofunguliwa 2021, zimepunguza foleni pale makutanoni. Mwenye kipindi cha saa moja asubuhi bado anapaswa kutoka saa kumi na mbili kasorobo.

Wanaopanga mtaani huenda Changanyikeni, Makongo, Msewe, Ubungo, Sinza na Mwenge. Dalali huchukua kodi ya mwezi mmoja kama malipo yake, na wengine hudai pesa ya kukuonyesha vyumba hata usipopenda kimoja. Mwenye nyumba hutaka miezi mitatu, sita, au mwaka kwa mkupuo. Kabla ya kutoa pesa, uliza mambo haya na uangalie kwa macho yako: mita ya LUKU mnachangia wangapi na nani ananunua, maji yanatoka siku zipi na kuna tangi, geti linafungwa saa ngapi, maana maktaba haifungwi saa mbili usiku, na njia inakuwaje wakati wa masika, Machi hadi Mei, kwa kuwa mabonde ya pembeni mwa kilima hugeuka tope. Nenda tena usiku kabla ya kuamua. Mkataba uwe wa maandishi hata kama mzee mwenye nyumba anakuita mwanangu.

Pesa

Fedha ya kujikimu kutoka Bodi ya Mikopo, bumu, ni shilingi 10,000 kwa siku baada ya kupandishwa kutoka 8,500, na hutolewa kwa mafungu ya siku 60. Mkononi unapokea 600,000 kwa mpigo, na hapo ndipo tatizo huanza. Siku ya kwanza kabisa, kabla ya kununua chochote, ondoa pesa ya chumba na nauli za siku 60, kisha gawa iliyobaki kwa wiki tisa, maana fungu linalofuata linaweza kuchelewa siku kadhaa. Weka sehemu ya kila wiki kwenye simu na iliyobaki iache benki. Anayenunua simu mpya wiki ya kwanza anakula mkopo wa jirani wiki ya sita.

Kusaini ni lazima kila unapotakiwa, kwenye mfumo wa bodi, tena si bumu peke yake: ada nayo inasainiwa. Usiposaini ada, bodi hailipi, ARIS inaonyesha unadaiwa, na wewe unadhani ni kosa la mhasibu. Mwenye mkopo wa asilimia pia ajue hesabu yake mapema. Kwa ada ya 1,300,000, mkopo wa asilimia 70 unalipa 910,000, na 390,000 ni ya mzazi au mlezi. Mzee apewe taarifa hiyo Agosti, si wiki ya usajili.

Chakula hakina la kusimulia sana. Kafeteria na mama ntilie wa pembezoni wanauza wali maharage, ugali dagaa na chipsi mayai, na elfu kumi ya siku inatosha kula kama hulipi kodi humo humo. Kupika na mwenzako mmoja kunapunguza gharama kwa kiasi kikubwa, pale panaporuhusiwa.

Sauti ya chuo

Kuna kitu ambacho vyuo vingine vikubwa havina kwa kiwango hiki, nacho ni mjadala. Chuo kilianza 1961 Mtaa wa Lumumba kikiwa na wanafunzi wachache wa sheria, kikahamia kilimani 1964, na kikawa chuo kikuu kamili 1970. Mwaka 1966 wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa na Mwalimu Nyerere akawafukuza karibu 400. Mwanahistoria Walter Rodney alifundisha hapa hadi 1974, na Yoweri Museveni alisoma hapa. Utamaduni huo umepungua makali lakini haujafa. Mihadhara ya wazi ya Ukumbi wa Nkrumah, jengo lile lililochapwa kwenye noti ya zamani ya shilingi 500, ni bure, na makongamano ya Kigoda cha Mwalimu Nyerere huleta watu ambao kwingine ungewasoma tu. Uchaguzi wa DARUSO, serikali ya wanafunzi, ni shule ya siasa kwa wanaoipenda, ila anayegombea ajue muhula huo GPA yake itamdai.

Mafunzo ya vitendo na kuondoka

Mafunzo kwa vitendo huchukua karibu wiki nane katika kozi nyingi, wakati wa likizo ndefu. Barua ya utambulisho ichukue mapema na uipeleke mkononi sehemu tano au sita, kwa sababu ofisi nyingi hupokea idadi maalumu na waliotangulia ndio wanaopata. Andika daftari la kazi kila siku jioni. Msimamizi wa chuo anapokuja kukagua hutazama daftari kabla hajakutazama wewe, na lililojazwa siku moja kwa kalamu moja linajulikana.

Mwaka wa mwisho, ingia ARIS muhula wa kwanza na ukague kozi zote tangu mwaka wa kwanza, moja moja, ukijumlisha uniti. Kozi ya hiari iliyosahaulika au alama isiyoingizwa ikigundulika Novemba ina muda wa kurekebishwa, ikigundulika Julai inakuondoa kwenye orodha ya wahitimu. Kisha kagua jina kama litakavyoandikwa kwenye cheti, lilingane na la kidato cha nne. Baada ya hapo kuna fomu ya kuondoka, inayosainiwa maktaba, hosteli, idara na uhasibu. Kitabu kimoja kilichopotea kinazuia nakala ya matokeo hadi kilipwe, kwa hiyo rudisha vitabu kabla ya UE. Aliyekopa achukue taarifa ya deni lake bodi kabla hajaondoka Dar, kwa maana mwajiri wake wa kwanza atakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi, na ni vizuri ajue mapema anadaiwa kiasi gani.